Umeme Ulikuwa Mzuri Siku Ile, Kaka Wafula

Kaka Wafula mpendwa,

Nimekutumia ujumbe mwingi kwenye ile namba yako ya Ghuba, huko Uarabuni, na kila mmoja umebaki na tiki moja ya kijivu. Kwa hiyo leo naandika mahali ambapo mtu yeyote anaweza kusoma. Wanaotujua watajua ni sisi, na wasiotujua hawatapungukiwa na kitu. Wewe peke yako ndiye ninayetaka usome, na wewe peke yako ndiye ninayeamini hutasoma.

Nakumbuka chumba chetu cha Lindi, hapa Nairobi, kile cha mabati, chenye mlango uliogoma kufunga mvua ikinyesha. Mama alikaanga mandazi pale nje asubuhi, na jioni akasukuma chapati. Mvua ikija aliingiza jiko ndani, nasi tukalala juu ya moshi kama samaki wa kukausha. Hatukujua kwamba moshi ule ulikuwa unamjaa. Tulijua tu kwamba mama anakohoa, na mama kukohoa ilikuwa sauti ya nyumbani, kama mlango wa jirani.

Wewe ulifungua redio yake ukiwa bado mdogo. Nilikuwa nimesimama karibu, naogopa kwa niaba yako. Mama alirudi, akaiona redio imelala matumbo nje kitandani. Halafu akasema, "Kufungua kila mtu anaweza. Nataka kuona ukifunga." Ukaifunga. Ikalia, ingawa kitufe cha masafa kilikuwa kimegeuka kinyume, na tangu hapo mama akawa anatafuta idhaa kwa kwenda kushoto. Alipenda kuwaambia watu kwamba redio yake ilikuwa ya mkono wa kushoto kama mwanawe.

Ulipokua ulihamia Gatina, kule Kawangware, ukapata kile kibanda chini ya ploti ya ghorofa, ukawa fundi wa televisheni na spika za wufa. Mimi nilibaki na mama, nasuka nywele Sarang'ombe mchana na kurudi Lindi jioni. Jumapili ulikuja kwa miguu kutoka Kawangware, umebeba mkate, na mama alilalamika kwamba mkate haukuwa na haja, kisha akaula wote.

Siku ile hospitali ilipotuambia mapafu yamechoka, kwamba moshi wa miaka yote umeyaacha kama nguo iliyofuliwa mpaka ikapasuka, mimi nililia kwenye benchi. Wewe hukulia. Uliuliza swali moja tu: "Anahitaji nini?" Daktari akasema anahitaji oksijeni nyumbani, kila siku. Watu wa kanisa wakahangaika wakapata mashine iliyotumika, ile ya kuchuja hewa. Ilifika Lindi kwa mkokoteni, vijana wakaibeba juu ya mtaro kama bibi harusi. Mama akaitazama, akagusa mrija wake.

"Hiki ndicho kitanipumulia?"

"Hakikupumulii, Mathe," ukamwambia. "Kinachuja hewa tu. Kupumua ni kazi yako."

Alicheka mpaka akakohoa, na tukalazimika kumwekea mrija upesi. Ndivyo ilivyoanza kazi.

Mwezi wa kwanza tulikuwa na furaha. Nasema furaha, na silirudishi neno hilo. Mama alipata rangi usoni. Alikaa kitandani akimwelekeza Mama Adhiambo, jirani yetu, jinsi ya kukanda unga, kana kwamba Mama Adhiambo hakuwahi kuona unga. Kisha jioni moja mashine ikapiga kelele, tii tii tii, ikazimika. Taa ya chumba ilikuwa inawaka. Redio ilikuwa inaimba. Mashine peke yake ndiyo iliyokata. Ikakaa, ikajiwasha tena, lakini kabla haijapata nguvu mama alikuwa amegeuka midomo rangi ya majivu. Mimi na Mama Adhiambo tukamwekea mtungi mdogo wa oksijeni ya akiba. Ulipofika kutoka Gatina, shati limelowa jasho, alikuwa amelala, na mimi nilikuwa nimekaa sakafuni nimeshika mguu wake.

Ikawa hivyo tena na tena. Huwezi kujua saa. Uliifungua mashine pale pale kando ya kitanda, maana hatukuweza kumtenga nayo hata nusu siku uipeleke kibandani. Ulisafisha vichujio. Ulibadilisha kapasita za bodi, ile sahani ya saketi iliyo ndani yake. Ulipima umeme wa soketi kwa mita, na mita ikasema stima iko sawa. Ukapima tena jioni, ikasema iko sawa. Ulianza kukonda kuliko mama.

Ndipo ukanunua ile oskiloskopu, skopu kama ulivyoiita, chombo kinachochora umeme kwenye skrini, kwa fundi mmoja wa tauni, katikati ya mji, aliyekuwa anafunga duka. Ulikuja nayo imefungwa kwa shuka, ukaiweka ukingoni mwa kitanda, ukaunganisha waya wake kwenye bodi ya mashine. Mstari wa manjano ukatokea kwenye skrini, umenyooka. Mama akautazama kwa muda mrefu.

"Hii televisheni ina stesheni moja tu?"

"Moja tu, Mathe. Na tunaomba isibadilike."

Tukakaa tunautazama ule mstari, sote watatu, kama watu wanaongoja habari. Na jioni watu waliporudi kutoka kazini, kelele ikaja, tii tii tii. Ukafinya kitufe cha kusimamisha. Mimi nilikuwa tayari namvalisha mama mrija wa mtungi, lakini nilikuona ukiinama. Mstari ulikuwa umeporomoka. Tuliona ukingo wa kuporomoka kwake, wazi kabisa, kama ukuta wa shimo. Ukazungusha kitufe kingine ili uone kilichotangulia, kabla ya ukuta ule. Skrini ikawa tupu. Huku tupu, huku tupu, na kile kipande kidogo katikati.

"Ziii," ukasema ukitikisa kichwa. "Haikubeba."

Mama alipotulia nilikuuliza ina maana gani haikubeba. Ukanieleza polepole, kwa ile sauti uliyotumia kunifundisha kuendesha baiskeli. Ulisema, "Kuna skopu zingine, ukisimamisha unakuta zilikuwa zinajaza kumbukumbu yote, hata ile sehemu haikuwa kwa skrini. Unarudi nyuma unaona yote. Hii yetu inabeba tu kile ilikuwa inaonyesha. Nilikuwa nimefungua dirisha dogo. Ukitaka kuona mbali, lazima ufungue mbali kabla mambo haijafanyika. Baadaye unaweza kuingia ndani. Kutoka nje, huwezi."

"Basi si ufungue kubwa kabisa?"

"Hapo ndio kuna shida, sis. Kumbukumbu ni ile ile. Ukiitandaza kwa muda mrefu, nukta zinakaa mbali mbali. Ukikuza picha unapata nukta hapa, nukta pale, na hapo katikati skopu inakuchorea tu mstari ya kuziunganisha. Huo mstari si kitu iliona. Inakisia."

Mama alikuwa amefumba macho, tukadhani amelala. Akasema, "Ni unga. Donge ni lile lile. Ukilisukuma liwe chapati kubwa, linakuwa jembamba mpaka unaona meza."

Ulimtazama mama kwa namna ambayo sijawahi kuona mtu akimtazama mzazi wake. Ukasema, "Mathe, wewe ungekuwa fundi." Akasema alikuwa fundi tayari, wa kitu kinacholiwa.

Kesho yake ulitengeneza mambo upya. Uliweka kumbukumbu yote ya skopu itumike, ukafungua dirisha la kadiri, si dogo la kukosa chanzo, si kubwa la kutawanya nukta. Ukaweka waya mmoja kwenye bodi, na wa pili kwenye transfoma ndogo iliyochomekwa soketi ile ile, ili tuone stima yenyewe kando ya mashine. Ukaiambia skopu ijisimamishe yenyewe mstari wa bodi ukianguka. Kisha tukangoja. Mama alitusimulia habari za nyumbani Kimilili, za babu aliyekataa kuvuka mto kwa daraja kwa sababu daraja lilijengwa na shemeji yake. Tulikuwa tunacheka ilipolia.

Safari hii iliibeba. Ukaingia ndani pole pole, ukikuza, ukikuza, na mimi nikiangalia juu ya bega lako. Mawimbi ya stima yalikuwa yanapanda na kushuka vizuri, kisha ghafla yakawa madogo, yamesinyaa kama mtu aliyepigwa tumboni. Mawimbi machache tu, halafu yakarudi. Na baada ya kusinyaa kwake, si kabla, mstari wa bodi ukaanguka. Mita yako haingeweza kuona kitu cha haraka hivyo. Taa na redio zilivumilia. Mashine ya mama haikuvumilia.

Nilipiga makofi, Wafula. Nilikuambia, "Umeipata!" Wewe ulikaa chini, ukaweka mikono magotini.

"Mashine ni mzima," ukasema. "Mashine haina kitu. Ni stima."

"Si ni vizuri?"

"Sasa nitatengeneza nini?"

Sikuelewa mara moja. Nilielewa ulipotoka nje, ukatazama juu, na mimi nikatazama unapotazama. Zile waya za sambaza, za stima ya kuunganishwa kinyemela, zilizopita juu ya mabati, zimefungwa kwa nailoni na vitambaa, kila nyumba imejishikiza, kila jioni kila mtu amechomeka koili yake apike. Ungefungua wapi? Ungefunga wapi?

Ulikwenda kumwona yule jamaa wa stima, anayeunganisha watu upande wetu. Nilikwenda nawe. Hakuwa mtu mbaya. Alitupa kiti. Ulimweleza kuhusu mama, ukamwonyesha hata picha ya mawimbi kwenye simu. Akaitazama kwa heshima.

"Buda, nakuskia," akasema. "Lakini hii ni laini ya watu wote. Nikiambia watu wasipike kwa ajili ya mamako, watapika. Na nikikata mmoja, atajirudisha usiku. Nifanye nini?"

Na ukweli ni kwamba hakukuwa na la kufanya. Kwa stima ile hatungeweza kulalamika popote. Ulinunua betri na inveta. Betri ilimbeba mama vizuri mara ya kwanza, kisha kila wiki ikawa inachoka mapema, maana mashine ile inakula sana, na betri yenyewe ilikuwa imetoka kwenye gari la mtu. Mwishowe ikawa inazimika hata kabla stima haijatulia.

Kilichobaki ni kumhamisha. Kwako Gatina kulikuwa na stima ya tokeni, ya kulipia kwa mita, iliyonyooka. Ulikuwa umeipima kwa skopu siku nyingi, ukaja na habari hiyo kama mposaji: "Mathe, stima ya kwangu ni kama maji ya chupa." Mama akakataa. Akasema Lindi ndiko anakojulikana, kwamba akifa Gatina watu watauliza ni nani. Mama Adhiambo ndiye aliyemshinda. Alikaa kitandani, akamshika mkono, akamwambia, "Nyar Bungoma, binti wa Bungoma, nenda upumue. Sisi tutakuja kukuona, si ni Kawangware tu, si Ulaya." Mama akaninyooshea mkono nimfunge kitambaa cha kichwa, twende.

Siku za Gatina zilikuwa njema. Nataka ulikumbuke hilo kama bado unakumbuka chochote. Mashine haikulia hata mara moja. Ulimwekea kiti karibu na dirisha la chumba chako, ghorofa ya pili, akawa anatazama maduka, boda boda, na watu wa makanisa mawili yanayoshindana kwa spika. Alisema watu wa huku wanatembea kama wamefukuzwa. Alikuomba umtafutie unga, akasukuma chapati moja akiwa amekaa, mrija puani, na wewe ukaila umesimama ili asione uso wako.

Lakini alikuwa anapungua. Sote tuliona. Miguu ilivimba, kisha uso. Kliniki walituambia kwa upole kwamba oksijeni inasaidia, haiponyi. Wewe hukutaka kulisikia hilo. Uliiacha skopu imeunganishwa na mashine usiku na mchana, ingawa hakukuwa na hitilafu tena. Uliifungulia dirisha kubwa kuliko yote, mstari ukawa unatambaa mpaka huoni unavyotambaa. Uliniambia, "Jambo lolote likitokea mimi sipo, finya hapa kwanza. Mengine baadaye." Niliahidi.

Siku ile ulikuwa umekwenda tauni kutafuta spea. Ilikuwa alasiri, jua limeingia mpaka kitandani. Mama aliniomba chai ya rangi yenye tangawizi. Nikiwa kwenye meko akasema, "Punguza sukari, Nekesa, si wewe unayekunywa." Nikacheka, nikakoroga. Nilipogeuka na kikombe alikuwa anatazama dirishani, na alikuwa hatazami. Mashine ilikuwa inanguruma vizuri, inasukuma hewa kwenye mrija. Niliweka kikombe chini. Nilikwenda kwenye skopu, nikafinya kile kitufe. Nilikifinya kabla ya kumgusa, kabla ya kulia, kwa sababu ndivyo ulivyoniambia. Kisha nikamgusa.

Tulimzika Kimilili, kando ya baba. Hukusema neno kuanzia Nairobi mpaka kaburini. Watu walisema Wafula ni mwanaume, amejikaza. Mimi nilijua hukuwa umejikaza. Ulikuwa unasubiri kurudi Gatina.

Tuliporudi hukuvua hata koti. Ulikaa mbele ya skopu. Mstari ulikuwa pale, jinsi nilivyousimamisha: alasiri ile ya mama, imenyooka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukaanza kuukuza. Niliweka chai kando yako, ikapoa. Niliweka ugali, ukapoa. Kesho yake ulikuwa bado hapo, na kesho kutwa yake. Uliacha kufungua kibanda. Wateja waligonga, nikawaambia fundi amefiwa.

Hukuona kitu, kwa sababu hapakuwa na kitu. Stima haikusinyaa. Bodi haikuanguka. Mashine ilifanya kazi yake mpaka mwisho na zaidi ya mwisho. Niliingoja siku utakayotosheka na hilo, kwamba hakuna aliyekosa, si wewe, si mimi, si waya za Lindi. Haikuja. Siku moja nilikaa karibu nawe, nikaona skrini. Ulikuwa umekuza mpaka nukta zimeachana, moja huku na moja kule, na kati yao mstari mwembamba ulionyooka.

"Wafula, hapo hakuna kitu. Ni wewe uliniambia. Skopu inakisia tu."

"Najua."

"Sasa unatafuta nini?"

Uliweka kidole kwenye kioo, kati ya zile nukta mbili. "Hapa. Hapa inaweza kuwa ilikata ikarudi na haikuona. Nilifungua dirisha kubwa sana, Nekesa. Huwezi jua. Mtu yeyote hawezi jua."

Hukukosea, na hilo ndilo lililoniogopesha. Kama ungekuwa umekosea ningebishana nawe, ningemwita mchungaji, ningekushika mabega. Lakini ulikuwa sahihi kwa jambo lisilosaidia. Ungeweza kukaa kwenye nafasi ile kati ya nukta maisha yako yote, na hakuna mtu duniani ambaye angekuonyesha kwamba ilikuwa tupu. Nilikuambia, "Mashine ingelia. Nilikuwa hapo. Haikulia." Ukaniambia nilikuwa nakoroga chai.

Sijakulaumu kwa neno lile. Nalitaja kwa sababu ndilo lililotutenga. Baada ya hapo tuliongea kuhusu maji na mafuta ya kupikia tu.

Kisha stima ya Gatina ikapotea. Ile ile ya maji ya chupa. Walikuwa wanatengeneza nguzo barabarani, wakakata mtaa mzima kutwa. Skopu ikazimika mbele yako. Betri ya Lindi ilikuwa imekufa zamani. Nilikuwa nafua, nikasikia ukisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Imeenda." Ulikuwa umehifadhi picha ya skrini kwenye flashi, lakini picha ni picha, huwezi kuingia ndani yake. Zile nukta zenyewe zilikuwa kwenye kumbukumbu ya chombo, na kumbukumbu ile huishi kwa stima. Nilifikiri utavunja kitu. Badala yake ulitandika kitanda cha mama, ukakunja blanketi, ukaoga, ukatoka. Nikamshukuru Mungu. Nikajiambia, sasa ataanza kupona.

Kumbe ulikuwa umekwenda kwa ajenti wa kazi za ng'ambo. Uliniambia ukiwa na karatasi zote zimekamilika, kwamba unakwenda Ghuba kutengeneza AC. Nilikuuliza utarudi lini. Ulisema, "Mkataba ni miaka, sis." Ulisema miaka kama mtu anayesema dawa. Uwanja wa ndege ulinikumbatia kwa mkono mmoja, mkono mwingine umeshika begi, ukaniambia ninunue tokeni za stima za kutosha kabla ya mwisho wa mwezi. Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho niliyoyasikia ana kwa ana.

Mwanzoni ulituma sauti. Nazisikiliza bado. Joto. Chumba cha watu wengi. Mhindi mmoja anayekupikia dengu. Katika moja unasema, "Hapa stima haipotei, Nekesa. Hata sekunde. Wanawasha mpaka jangwa." Kisha unapumua, kisha inaisha. Baadaye sauti zikawa fupi. Baadaye zikawa "niko poa". Baadaye ile tiki moja.

Nilikwenda kwa ajenti, nikakuta chumba kile wanauza mawigi, na msichana wa pale hakuwa amesikia habari ya ajenti yeyote. Nilikwenda ofisi za serikali. Waliniuliza jina la mwajiri wako, na jina nililokuwa nalo ni lile la kampuni iliyokupokea kwanza, ambayo simu yake hailii. Alirudi mmoja mliyeondoka naye, nikamtafuta mpaka nikampata Kangemi. Alisema alikuona mara ya mwisho ukipanda basi la wafanyakazi kwenda saiti nyingine, mbali, upande wa mchanga. Nikamuuliza ulionekanaje. Akafikiri. Akasema, "Alikuwa kimya. Lakini Wafula alikuwa kimya siku zote, si ndio?" Nikasema ndio, ingawa sivyo.

Sasa nikuambie kilichonifanya niandike.

Baba mdogo alinipigia simu kutoka nyumbani. Alisema wazee wamekaa. Alisema mtu hawezi kuning'inia, si hai si mfu, na kwamba watoto wa boma wanaota ndoto mbaya, na kwamba mama hatalala akiwa ameachiwa nafasi tupu ubavuni. Nikamwambia, "Baba, hatujui." Akasema, "Ndiyo sababu." Akasema watazika mgomba badala ya mwili wako.

Nilikwenda. Ningekataa ningekuwa na nini cha kuwaonyesha? Waliniambia nije na nguo yako, nikaleta ile ovaroli ya buluu iliyochomwa na chuma cha kulehemu mfukoni. Tuliingia shambani asubuhi, wanaume wakiwa na panga, wakachagua mgomba uliokwisha kuzaa. Kabla ya kukata, baba mdogo alinigeukia mbele ya wote. "Wewe ndiye umeishi naye mwisho. Alikuwa na urefu gani?"

Nilisimama mbele ya ule mgomba. Nilijaribu kukuona umesimama. Nikainua mkono juu ya kichwa changu, nikaushusha kidogo, nikaupandisha tena. Nikagundua sijui, Wafula. Nilikuwa nimekusahau kiasi cha kiganja. Nikasema, "Hapa." Wakakata hapo.

Walilivika lile shina ovaroli yako, wakalifunga kwa shuka nyeupe, wakaliweka kwenye jeneza. Utomvu ulipenya ukatia shuka doa la kahawia kifuani. Mchungaji alisoma. Wanawake walilia kwa sauti, kama inavyotakiwa, na mimi nililia pamoja nao, lakini kilichonivunja kilikuja baadaye, walipoinua. Vijana wanne walijiandaa kwa uzito wa mwanaume, wakavuta pumzi, na jeneza likapanda juu upesi mno, karibu liwaponyoke. Mmoja wao alicheka kwa mshtuko, akajifunika mdomo. Mgomba ni maji na hewa tu. Walinipa udongo nitupe. Niliutupa. Jina lako sasa limeandikwa kwenye msalaba, na tarehe ya pili imeachwa wazi kwa sababu hakuna aliyethubutu kuniuliza.

Nimerudi Gatina. Nasuka nywele kwenye kibanda chako. Skopu nilimpa fundi wa jirani, nikamwambia hainifai kitu.

Kama umelala, kaka, lala. Wamekuwekea nafasi nzuri, mama yuko mkono wako wa kushoto. Na kama uko macho mahali fulani, usiende nyumbani moja kwa moja. Watakukimbia. Watoto watapiga mayowe, na wazee hawataruhusu upite mlangoni kabla ya kufanya yanayopaswa kufanywa kwa mtu aliyezikwa. Pitia Gatina kwanza, ili nikutangulie niwaambie.

Sisemi hivi kwa kuwa nakungoja. Nimeacha kungoja. Nasema tu ili ujue njia.

Dada yako,
Nekesa